Hema la Watu Hamsini

Jumamosi, 23 Agosti

Namshukuru Mungu kwa daftari hili. Daktari wa presha amesema vidonge peke yake havitoshi. Kila siku kabla ya kulala niandike jambo la kushukuru, maana ninanuna kupita kiasi. Mimi! Ninanuna! Nilinuna kutoka kwa daktari mpaka nyumbani, kisha nikaona heri nianze.

Haya. Nashukuru kwa mke wangu Nabila. Nashukuru kwa kazi yangu ya kupanga mizigo kwenye maegesho ya malori. Nashukuru kwa watoto, ambao wako Bombo kwa shangazi yao mpaka shule zifunguliwe, kwa hiyo siku hizi nasikia ninachofikiri. Nashukuru kwa nyumba hii ya Nsambya, karibu na kambi ya polisi, ingawa si yangu. Ni ya mama mkwe, Hajjati Rukiah. Anakaa vyumba vya uani na anasikia kila kitu.

Nashukuru hata kwa jirani yetu Ochola, Mkenya, muuza matairi. Hapo nimejikaza.

Ochola alikuja leo na habari. Jumamosi ijayo yeye na mkewe Rosebella wanakwenda kupiga kambi Ziwa Mburo, na garini mna nafasi. Rosebella akamweleza Nabila kwamba kule asubuhi unakunywa chai mlangoni mwa hema, na punda milia wanapita mbele yako kama watu wanaowahi sokoni. Nabila aliacha kuchambua mchele. Tangu tuhamie hapa hajawahi kulala nje ya nyumba hii, isipokuwa alipojifungua, na zile siku za kulala sakafuni hospitali ya Mulago akimuuguza mama yake. Akaniuliza polepole, "Baba Rajab, na sisi tunaweza?"

Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Uso wake! Ningeweza kuutazama mpaka chakula kiungue, na kikaungua.

Sharti ni moja: kila familia na hema lake. Ochola akasema nisihangaike, analo hema la akiba, dogo lakini zuri, nichukue tu. Akacheka. Yeye ana hema jipya la kijani; unalirusha hewani linafunguka lenyewe kabla halijagusa majani. Alilirusha uani kwetu, akalikunja, akalirusha tena, mpaka kuku wakahamia kwa jirani mwingine. Nikamwambia ahsante sana, ndugu yangu, sisi hema tunalo.

Hatuna. Lakini nguo ya kuazima haistiri matako, hasa ikiwa mwenye nguo ni Ochola. Nitatafuta hema ambalo likisimama karibu na lake, lake litaonekana mwavuli.

Jumapili, 24 Agosti

Nashukuru kwa afya ya mama mkwe, hasa mapafu yake.

Asubuhi nilipeleka ombi letu la safari. Yaani nilimwambia Nabila, naye akamwambia mama yake, ijapokuwa sote watatu tulikuwa uani. Kwa heshima ya kwetu, mkwe haongei na mama mkwe ana kwa ana kama mtu anayenunua nyanya. Unasimama mbali, unainamisha macho, neno linapitia kwa mke. Desturi nzuri sana. Imeniokoa mara nyingi.

Leo haikuniokoa. Hajjati alisema, kwa sauti iliyofika kambi ya polisi, "Mwambie mume wako hema ni la askari, la wakimbizi na la matanga. Babu yangu alikuja nchi hii na jeshi, akalala kwenye hema mpaka mgongo ukapinda, ili sisi tulale ndani ya matofali. Leo kitukuu wake atoke kwenye matofali arudi kwenye hema? Kwa hiari yake?"

Nabila akanigeukia kunifikishia ujumbe. Nikamwambia nimeupata.

Tatizo ni kwamba Nabila hatatoka bila radhi ya mama yake. Hakulia wala hakubisha. Alisema, "Basi, yaishe," akaenda kuanika nguo. Lile "basi" limenikaa kifuani mchana kutwa. Angenigombeza ningejua pa kushika.

Nimefikiri. Hajjati si adui wa hema. Ni adui wa hema dogo, la kuinama. Mtu wa heshima hawezi kuingia nyumbani kwake kwa magoti. Akiona hema refu, la mtu kusimama wima na kuswali kama mtu, atalegea. Kesho Owino!

Jumatatu, 25 Agosti

Nashukuru kwa urefu wangu. Bila huo nisingejua hema lipi ni zuri.

Soko la Owino lina kila kitu mradi usiulize kilitoka wapi. Muuzaji wa mitumba alinionyesha mahema ya kulala, mafupi, ya kutambaa kama kenge. Nikamwambia mimi si kenge. Akanitazama, akapima akili yangu, akaenda nyuma ya kibanda na kurudi na moja refu, la buluu, zipu nzima. Nikaingia. Nikasimama. Kichwa hakikugusa! Nikainua mikono kama wa kuswali. Safi! Ndani mna kifuko cha kuwekea tochi, na juu kuna kitundu cha hewa chenye ndoano. Muuzaji akasema, "Bosi, hili ni la vii-ai-pii. Watu wengi hawalijui." Nikajiona mjuzi.

Jioni nikalisimamisha uani. Refu kuliko ukuta! Nikamwita Nabila. Tukaingia sote wawili, tukafunga zipu. Tulisimama kifua kwa kifua. Nikasema tukae. Hatukuweza kukaa. Nikasema basi mmoja akae kwanza. Goti langu likatoka nje chini ya hema. Nabila akaanza kucheka, akanishika mabega ili asianguke, na hakukuwa na pa kuangukia. Nashukuru kwa kicheko kile. Sijakisikia tangu Jumamosi.

Ochola akachungulia juu ya ukuta. Alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akaniita kando na kuniuliza kwa upole, lile jingine liko wapi, la kulala. Nikamwuliza kwa nini. Akaninong'oneza kwamba hili la buluu ni choo. Kule kambini unachimba shimo, unalisimamisha juu yake. Kifuko ni cha karatasi. Ndoano ni ya ndoo ya kuogea.

Nashukuru kwamba alininong'oneza. Alipofika kwake alimwambia Rosebella, nikakisikia kicheko chake kupitia ukuta wa matofali ya kuchoma.

Nimekunja choo changu. Nitapata kubwa zaidi.

Jumanne, 26 Agosti

Nashukuru kwa ukoo! Kwa nini nilihangaika Owino wakati nina mjomba?

Mjomba Abudu anakodisha mahema na viti kwa harusi na misiba, mji mzima unamjua. Nilikwenda kwenye stoo yake baada ya kazi. Mahema meupe yamekunjwa mpaka darini. Nikamwomba dogo kabisa. Akasema dogo kabisa ni la watu hamsini. Nikapiga hesabu palepale: watu hamsini, sisi ni wawili, nafasi inayobaki ni ya watu arobaini na wanane. Ochola na hema lake la kurusha wanaweza kuingia humo ndani na nafasi ya kulirusha ikabaki. Litaingiaje kwenye gari la Ochola? Hilo ni swali la Jumamosi.

Nikamwambia mjomba aniletee Alhamisi ili nilijaribu uani. Akauliza ni shughuli gani. Sikutaka habari imfikie Ochola, maana vijana wa mjomba hununua matairi kwake. Nikajibu kwa siri, nikashusha sauti, "Ni jambo la nyumbani, mjomba. La familia tu. Sitaki kulitangaza mapema."

Mjomba akanitazama sana. Akaniuliza Hajjati anaendeleaje. Nikamwambia kesho anapelekwa Mulago, na baada ya hapo ndipo tutajua kama safari ipo. Nilikuwa na maana kwamba daktari akimsifia presha yake, atarudi na moyo mweupe, nami nitamwomba tena. Mjomba akanishika bega, macho yakamlengalenga. Akasema safari hiyo haina mwenyewe, sote tutakwenda. Nikamwambia gari la Ochola halina nafasi hiyo.

Alikataa malipo. Alisema jambo kama hili mtu hamtozi ndugu yake. Sikujua anaithamini kambi kiasi hicho. Mtu mwema sana.

Jumatano, 27 Agosti

Nashukuru. Niandike kwa mpango.

Asubuhi Nabila na Hajjati walikwenda Mulago kwa boda mbili. Mimi nikaenda kazini. Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Mama Ayot, mke wa askari, anayekaa mkabala na geti letu. Alikuwa akilia. Akasema, "Sadik, rudi nyumbani. Jikaze, wewe ni mwanaume." Akakata. Nikampigia Nabila, simu imezimwa. Nikampigia tena. Imezimwa.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kona ya mwisho, nikaona jeupe juu ya ukuta wetu. Hema. Limesimama getini kwetu, na viti vya plastiki vimepangwa, na watu wamejaa, na wanawake wa kambi wanaangusha kuni. Mji huu haukuandikii barua. Ukiona hema getini kwako na hujaalika mtu, umeshaambiwa.

Nilianguka. Ochola ndiye aliyenidaka. Alikuwa amefunga duka mchana, Ochola yule, na shati limejaa vumbi la kuni. Alinikalisha kwenye kiti cha mbele na kusimama nyuma yangu, mkono begani.

Nikalia. Sijui kama nimewahi kulia vile, hata kwa baba yangu. Nikasema maneno, na yote niliyasema kwa sauti, maana nani angenisikia tena kutoka uani? Nikasema nilipofukuzwa kazi ya kwanza, Nabila ana mimba, huyu mama alitufungulia nyumba ya mbele, akahamia vyumba vya nyuma, na hajawahi kulitaja siku moja. Hata akiwa na hasira! Nikasema kila Ijumaa kuna sahani ya gurusa, mikate yetu ya kumimina, mlangoni kwangu na hakuna anayesema imetoka kwa nani. Nikasema sasa nani ataniambia ukweli kwa sauti kubwa? Nikasema nilikuwa na deni la kumwambia ahsante na nikaona bado kuna muda.

Bi Zulaika alikuwa kiti cha pili, analia kuliko mimi. Huyu na Hajjati walikuwa marafiki tangu usichana, wakasuka tabaka pamoja, vile vifuniko vya chakula vya rangi. Kisha kwenye harusi moja Hajjati akasema tabaka ya Zulaika imepinda, na hawajasalimiana tangu hapo. Leo Zulaika alikuwa amekuja nayo ile ile, imefunika sinia la pilau, na anawaambia watu wote, "Ilipinda! Alisema kweli, ilipinda! Ningemjibu nini?"

Ndipo boda mbili zikasimama getini.

Wa kwanza kushuka alikuwa Hajjati. Ana mfuko wa dawa mkononi. Mama Ayot alipomwona alitupa kuni na kukimbilia kambini bila kugeuka. Wengine waliganda. Hajjati akaingia chini ya hema polepole, akatazama viti, akatazama sufuria, akatazama pilau. Akauliza nani amekufa.

Akanitazama mimi. Na kwa mara ya kwanza tangu harusi yetu, bila Nabila katikati, akaniita jina. "Sadik. Unamlilia nani?"

Nikasema, "Wewe, Hajjati."

Akavuta kiti, akakaa, akaweka mfuko wa dawa mapajani.

"Endelea kidogo," akasema. "Mwanzo sikuusikia."

Niliendelea! Ningefanya nini? Sikuweza kumtazama, niliongea na miguu ya kiti. Nikasema yote tena, hata gurusa. Nilipomaliza, Zulaika alikuwa amemkumbatia na kumlowesha kanga, na Hajjati anampigapiga mgongo akisema haikupinda sana, ilikuwa nuru ya siku ile. Nabila alikuwa ameshika nguzo ya hema. Betri ya simu yake ilikuwa imeisha, basi.

Mjomba Abudu akatokea na viti vya ziada, akamwona marehemu anakula pilau. Akatoa maelezo. Alipoona jambo ni la nyumbani, la siri, na Hajjati anapelekwa Mulago, na mimi naulizia safari, alielewa. Mambo hayo hayangoji Alhamisi, kwa hiyo aliwaambia vijana walete leo asubuhi, na viti, maana hawajawahi kupeleka hema bila viti. Watu wote wakanigeukia.

Nilitaka ardhi inimeze, lakini Hajjati akasema hema lisishushwe mpaka chakula kiishe. Kufa kufaana, akasema, na leo amejifaa mwenyewe. Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Nashukuru kwa kicheko kile. Nashukuru kwamba yupo uani sasa hivi, namsikia, anamweleza Zulaika kwa simu nani alikuja na nani hakuja.

Jambo moja nililiona jioni, vijana walipokuwa wakilishusha. Hema la watu hamsini halina kuta. Ni paa tupu.

Alhamisi, 28 Agosti

Nashukuru kwa radhi!

Asubuhi Hajjati alirudi kwenye desturi. Alisimama uani nami nikiwa uani, akamwambia Nabila, "Mwambie mume wako, mtu anayelia vile hawezi kumwacha mwanangu aliwe na fisi. Nendeni." Nabila alishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha Hajjati akaongeza, "Na mimi nakwenda." Amesema aliyehudhuria matanga yake mwenyewe hawezi tena kukaa chumbani akisubiri ya pili.

Hema bado hatuna. Nikaenda kwa Ochola. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nimekaza tumbo. Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na hema lake la akiba, dogo, limekunjwa vizuri, akanipa kwa mikono miwili kama anayepokeza mtoto. Akasema angeniletea mwenyewe tangu Jumamosi, ila alinisikia nikisema tunalo. Nikamwambia, "Ahsante, ndugu yangu," na safari hii nilikuwa na maana hiyo.

Hema ni la watu watatu. Sisi ni watatu. Nilifurahi mpaka nilipotoka getini kwake. Kisha nikakumbuka. Mimi na mama mkwe, hema moja, mkeka mmoja! Nisiweze kumtazama usoni mchana, halafu nimkoromee usiku?

Nabila naye alikuwa ameshalifikiria. Alikwenda tu kwenye kona ya sebule, akaleta lile la buluu, akaliweka juu ya mizigo.

Jumapili, 31 Agosti

Tumerudi. Nashukuru kwa mgongo wangu, kama bado upo.

Ziwa Mburo ni pazuri kuliko alivyosema Ochola, na Ochola alisema mengi. Alilirusha hema lake, likafunguka, upepo ukalichukua, tukalikimbiza mpaka vichakani. Nilimsaidia kulishika. Sikucheka. Nilicheka kidogo. Hajjati alikaa kiti cha mbele garini, na kambini akakaa kiti cha mbele pia, akatuelekeza sote pa kugonga vigingi kama mtoto wa jeshi. Yeye na Nabila wakaingia hema la akiba. Wakaenea vizuri.

Mimi nikasimamisha la buluu, kando, kwa heshima. Nikaweka kiti cha plastiki ndani. Nikakaa, magoti kidevuni, nikafunga zipu. Sikulala sana. Hajjati anakoroma kwa uthabiti. Kiboko alikuja kula majani, namsikia anavuta, nami nikamwomba Mungu asimwonyeshe kwamba ndani ya hiki kitu kuna chakula.

Alfajiri ndipo usingizi ulinijia, mtamu. Ukakatwa na mtu anayegonga. Sauti ya heshima, "Mzee, bado?" Nikajibu, "Bado." Akasubiri. Baadaye sauti nyingine ikamwuliza wa kwanza kama kuna mtu, akasema yupo, ameingia kitambo, hali si nzuri. Wakaniombea! Nilipofungua zipu nikakuta foleni. Wageni wa kambi ya pili, taulo mabegani, karatasi mikononi. Nikatoka na kiti changu. Nikawaambia hakuna kitu humo. Mmoja akanipa pole, akanipa na dawa ya tumbo.

Lakini hii ndiyo niliyotaka kuiandika. Nilipofika kwenye hema la akiba, Nabila alikuwa mlangoni, amejifunga shuka, kikombe cha chai mikononi. Hakunisikia. Mbele yake, karibu mno, punda milia wanapita, na mtoto wao katikati. Chai ilikuwa imeacha kutoa mvuke. Nikakaa chini karibu naye. Akanong'ona, "Kumbe wanabweka, Baba Rajab. Wanabweka kama vijibwa. Hakuna aliyeniambia." Akashika mkono wangu, mbele ya mama yake aliyekuwa macho, na mama yake akageuka kutazama ziwa.

Nimeoa mwanamke huyu miaka yote hii na sikujua uso wake ukipigwa na jua la ziwani unakuwaje. Nashukuru. Sina cha kuongeza, daktari akitaka zaidi aje mwenyewe.

Jumanne, 2 Septemba

Nashukuru kwa vipaji nilivyojaliwa.

Mambo yamekwenda vizuri hivi kwa sababu ya uchaguzi wangu wa mahema, sasa nimeliona. Kazini wananiuliza habari za kambi na nawaelekeza. Nimewaambia jambo la kwanza ni kujua hema lako. Wananisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa.

Nina mpango mkubwa zaidi. Mwezi wa Desemba, mtaa mzima! Ochola, Mama Ayot na mumewe, Bi Zulaika, watoto wetu, wote Ziwa Mburo, chini ya hema moja. La watu hamsini. Kasoro yake ilikuwa kuta tu, na kuta ni mapazia. Rosebella anayo mapazia ya zamani. Ila nataka kuwashangaza, wasijue kitu mpaka litakapokamilika.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimpigia mjomba Abudu aniletee hema nipime kuta. Aliuliza shughuli gani. Nikamwambia ni kama ile ya juzi, ya nyumbani, sitaki kuitangaza mapema. Akauliza Hajjati yuko wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba ametuacha leo alfajiri. Nilitaka kumweleza kwamba amekwenda Luzira kumsindikiza Zulaika kwa mpwa wake, lakini mjomba akasema nisiongee mengi, nipumzike, hema linakuja. Mtu mwema sana.

Vijana wameshalisimamisha. Limekaa vizuri kuliko mara ya kwanza. Wameleta na viti, nikawaambia si lazima, wakanipa pole na kuvipanga. Nabila yuko kazini. Nimechukua likizo ya siku moja, naandika hapa chini ya hema, kivulini, upepo mwanana, mapazia ya Rosebella mapajani. Ni nadra mtu kupata utulivu kama huu nyumbani kwake.

Namwona Ochola anafunga duka, na hata adhuhuri bado. Mama Ayot naye anavuka barabara na mzigo wa kuni kichwani, anafuta macho kwa pindo la kanga. Maskini. Watu wa mtaa huu wanafiwa sana, na mimi nakaa hapa na mapazia yangu bila habari.

Ngoja nimtolee kiti, nikae naye. Walininyanyua mimi nilipoanguka, na mtu lazima ashukuru kwa vitendo.